Kuyasoma Yasiyoandikwa: Muktadha na Ung'amuzi wa Maana katika Miswada ya Kiswahili



Azma ya mhadhara huu ni kuonyesha namna msomaji anavyoutumia muktadha kung'amua maana ambayo maandishi hayakuitaja waziwazi, na kuupambanua ung'amuzi huo na kubahatisha. Mada hii hujadiliwa zaidi katika ufundishaji wa ufahamu shuleni. Hapa nitaitazama pale ambapo kosa lake hudumu muda mrefu zaidi, yaani katika usomaji wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu.

Tendi kongwe za pwani, kama vile Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, zilihifadhiwa kwa hati hizo. Hati za Kiarabu zina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo, waandishi wa zamani walitumia alama moja kwa i na e, na nyingine kwa u na o. Aidha, Kiarabu fasihi hakina sauti p, v wala ch. Herufi ya b ilibeba pia p na, mara nyingi, mb. Herufi ya f ilibeba pia v. Baadaye walitokea wanazuoni waliobuni alama za ziada, lakini miswada mingi haina alama hizo.

Matokeo yake ni kwamba neno moja lililoandikwa huweza kuwa bata, pata au mbata. Je, msomaji ataamuaje? Dalili ya kwanza ni ya kisarufi. Ikiwa neno hilo linafuatwa na wengi, basi ni bata, kwa kuwa upatanisho huo ni wa viumbe vyenye uhai. Likifuatwa na nyingi, na habari yenyewe ni ya nazi zilizokauka, ni mbata. Likitanguliwa na kiambishi cha nafsi na cha njeo, ni kitenzi pata. Ngeli, ambazo mwanafunzi huzikariri kama mzigo, hapa zinakuwa mashahidi.

Dalili ya pili ni ya kimaana, nayo huhitajika pale sarufi inaponyamaza. Alitoa na alitua huweza kuandikwa kwa sura moja. Tuseme tumekuta sentensi isemayo kuwa mchukuzi alitoa, au alitua, mzigo wake. Sarufi inakubali yote mawili. Sentensi inayofuata ikisema kwamba aliketi kivulini akajifuta jasho, tunaegemea alitua. Ikisema kwamba aliufunga mlango wa ghala nyuma yake, tunaegemea alitoa. Vivyo hivyo, ni muktadha tu utakaotuambia kama wageni wa arusi wamelewa au wameliwa!

Dalili ya tatu ni ya kiarudhi. Katika utendi, kila mshororo una mizani minane, na mishororo mitatu ya mwanzo ya ubeti hushirikiana kina. Chukua neno mbuni. Likiwa ni mti wa kahawa, m- yake ni kiambishi cha ngeli na husimama kama silabi, hivyo neno lina mizani mitatu. Likiwa ni ndege, lina mizani miwili. Hesabu ya mshororo huweza kukata shauri. Hata hivyo, dalili hii ina mipaka: toa na tua yana mizani sawa na kina kimoja, kwa hiyo arudhi haitatusaidia kuyatofautisha.

Hatari kubwa haiko pale msomaji anapojua kwamba hajui. Iko pale anapodhani ameelewa. Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili Sanifu akikuta ndoo katika utungo wa Kiamu, atafikiri mara moja chombo cha maji. Lakini katika Kiamu ndoo ni njoo, kama vile yuu ilivyo juu na moya ilivyo moja. Atakayeshikilia chombo chake cha maji ataanza kuipindisha sentensi nzima ili ikubaliane naye, na kila anachokiongeza kitaonekana kuthibitisha kosa lake la kwanza. Ndiyo maana lahaja ya mtunzi, na ya mnakili aliyemfuata, ni sehemu ya muktadha.

Kwa mintarafu hiyo, napendekeza kanuni tatu. Mosi, msomaji atenge kilichoandikwa na alichokiongeza mwenyewe. Pili, asiridhike na dalili moja. Atafute nyingine isiyoitegemea ile ya kwanza. Sarufi na maana zikikubaliana, ung'amuzi umepata nguvu. Zikipingana, kazi haijaisha. Tatu, asomaye kwa niaba ya wengine aeleze pia usomaji alioukataa na sababu za kuukataa.

Kanuni hii ya tatu ndiyo inayopuuzwa zaidi, na madhara yake ni mazito. Mhariri anapouhamishia mswada katika hati za Kirumi, hulazimika kuchagua irabu moja kati ya mbili. Kitabu kikishachapishwa, shaka yake haionekani tena. Mhakiki atajenga hoja juu ya neno hilo, na mtunzi wa kamusi huenda akalinukuu kama ushahidi. Mtunzi wa awali, aliyekwisha kufariki, atakuwa amesemeshwa neno ambalo hakulitamka.

Darasani nako hali haitofautiani sana. Mwanafunzi akijibu kwamba mhusika amehuzunika, tusiishie kumwekea alama ya vema. Tumwombe aonyeshe maneno yaliyompeleka huko. Jibu sahihi lisilo na dalili halimsaidii katika kifungu kijacho. Jibu lenye kosa lakini lenye dalili laweza kujadiliwa na kusahihishwa. Mwanafunzi aliyezoea kuulizwa hivyo ndiye tutakayeweza kumkabidhi mswada.