Rangi za Vyakula na Sheria za Serikali



Chama kinachosindika jamu au maji ya matunda hakina budi kufahamu kwamba rangi itiwayo katika chakula ni jambo la sheria, wala si la kupendeza macho tu. Kisa cha rangi moja nyekundu huko Marekani chatosha kuonyesha jinsi sheria hiyo ifanyavyo kazi, na jinsi iwezavyo kusinzia.

Rangi hiyo ni erithrosini. Marekani huiita Nyekundu Namba 3. Ulaya huiandika E127. Mwaka 1960 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba rangi yo yote iliyothibitika kuleta saratani kwa binadamu au mnyama isiidhinishwe. Sheria hiyo haiulizi kiasi. Baadaye panya madume waliolishwa erithrosini kwa wingi mno walipata uvimbe katika tezi ya shingo, na mwaka 1990 serikali ikaikataza katika vipodozi. Katika vyakula ikabaki! Basi kwa miaka karibu 35 rangi iliyokatazwa kupakwa midomoni iliruhusiwa kumezwa na watoto ndani ya peremende.

Sababu yake ilikuwa ya kiofisi. Kibali cha vipodozi kilikuwa cha muda, nacho kilikomeshwa; cha vyakula kilikuwa cha kudumu tangu 1969, na kukifuta kulihitaji shauri jingine. Watetezi wa walaji walipeleka ombi rasmi mwaka 2022. Jimbo la California halikungoja, likapitisha katazo lake mwaka 2023. Serikali kuu ilifuata Januari 2025, ikawapa watengenezaji wa vyakula muda hadi Januari 2027. Ilieleza pia kwamba njia inayowadhuru panya hao haimo mwilini mwa binadamu. Lakini sheria ni sheria, na kwa maoni yetu ingalitekelezwa mapema au ingalirekebishwa.

Ulaya huruhusu erithrosini katika cheri zilizohifadhiwa tu. Jamu yenye rangi hiyo haipokelewi huko.

Wakulima wa Kwale, pwani ya Kenya, hulima mzingefuri, ambao mbegu zake hutoa rangi ya siagi na jibini. Hata rangi hiyo ya mmea huhitaji kibali. Ulaya namba yake ni E160b.

Kwa hiyo katibu anaponunua rangi adai jina lake kamili na namba yake, aviandike katika daftari la manunuzi. Kopo lililoandikwa “rangi ya chakula” pasipo maelezo mengine lirudishwe dukani.