Safari ya sukari katika mwili

Mtoto akitafuna donge la bukari polepole, asilimeze upesi, ataona ajabu. Kwanza halina utamu. Likikaa mdomoni kitambo, linaanza kuwa tamu. Je, nani ametia sukari? Hakuna. Sukari ilikuwamo ndani ya unga tangu shambani, lakini imefungwa pamoja kama shanga katika uzi. Katika mate mna vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo hukata uzi huo. Vinaitwa vimeng'enya.

Kila kimeng'enya kina kazi yake. Kinachokata unga hakikati nyama, wala kinachokata nyama hakigusi mafuta. Kazi kubwa hufanyika katika utumbo mwembamba. Nyuma ya tumbo pana kiungo kiitwacho kongosho. Hicho humimina humo vimeng'enya vya namna zote tatu. Kisha sukari hupenya utumbo, ikaingia katika damu.

Lakini sukari ya damu haijawa nguvu bado. Ni kama mgeni aliyesimama nje ya nyumba. Anayebisha hodi kwa ajili yake ni insulini. Nayo hutoka katika kongosho, lakini si kimeng'enya, tena huenda katika damu, si katika utumbo. Huamuru misuli ipokee sukari, na ini iiweke akiba. Inayozidi hugeuzwa mafuta.

Mtu akila kupita kazi yake siku nyingi, mafuta hujaa chini ya ngozi, halafu huingia hata katika ini na misuli. Hapo insulini hubisha hodi, na mlango haufunguki vizuri. Kongosho hutoa insulini nyingine, tena nyingine. Kwa watu wengine huchoka, na sukari hubaki katika damu. Huo ni ugonjwa wa sukari wa namna ya pili. Si wanene wote wanaoupata, na wembamba wengine huupata pia. Misuli ya mtu anayelima au anayetembea mbali huchukua sukari hata insulini ikiwa kidogo.

Namna ya kwanza huwashika hata watoto: kongosho lao halitoi insulini. Zamani mtoto wa namna hiyo alikula, akakonda, akafa. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walitoa insulini katika kongosho la mbwa. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa sindano ya dawa hiyo. Haikumfaa, kwa kuwa haikuwa safi. James Collip akaisafisha, na baada ya siku 12 kijana akachomwa tena. Sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi.

Na kwa nini sindano, si kidonge? Insulini ni ya jamii moja na nyama. Ikimezwa, vimeng'enya vya tumbo na utumbo huikatakata kama nyama yoyote, isifike katika damu.