Baraza la Nyumba Si Pambo: Tulijenge Lisiondoke na Upepo

Katika mikutano ya sendika wengi wenu mmeuliza habari za kuongeza baraza mbele ya nyumba, au barza kama tunavyosema hapa Bujumbura. Sababu inajulikana. Anayerudi kutoka kiwandani saa kumi alasiri hukuta chumba kimekuwa tanuru. Mabati yamepigwa na jua mchana kutwa, ukuta wa upande wa ziwa ungali unachomwa, na watoto hawakai ndani. Basi familia yote hutoka kutafuta kivuli cha mwembe wa jirani.

Makala hii inaeleza namna ya kujenga baraza lenye kudumu. Jambo kubwa ni hili moja: franka za kwanza ziende mahali ambapo macho hayaoni, yaani ndani ya shimo la nguzo na kwenye chuma kinachofunga paa. Rangi na vigae vya sakafu vije mwisho.

BARAZA NI SEHEMU YA NYUMBA

Wapo wanaosema kwamba mfanyakazi akitaka baraza anataka kuiga wakubwa. Hiyo si kweli. Mkataba namba 110 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1958, unahusu wafanyakazi wa mashamba makubwa. Unapoeleza viwango vya chini vya nyumba zao, unataja eneo la baraza pamoja na mahali pa kupikia, pa kufulia, ghala, maji na choo. Haukuliweka baraza pamoja na mapambo.

Kwa hiyo ndugu zetu wa chai ya Teza na Rwegura, wa miwa ya Moso, na wengine wote wanaokaa katika nyumba za mwajiri, wasikimbilie kukata mshahara wao kununua mabati. Kwanza wapeleke neno hili kwa mjumbe wao wa sendika, liwekwe mezani wakati wa majadiliano.

Sisi wa Ngagara hali yetu ni nyingine. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1950 na OCA, ofisi ambayo Wabelgiji waliiunda mwaka 1952 kwa ajili ya makazi ya Waafrika mijini. Ndiyo maana wazee wengine bado wanauita Ocaf. Tangu wakati ule familia zimekuwa kubwa na nyumba zimebaki na kuta zilezile. Baraza ndilo chumba ambacho mtu wa mshahara mdogo anaweza kukiongeza bila kubomoa kitu.

KABLA YA KUCHIMBA

Sheria ya mwaka 2016 ya mipango ya miji, makazi na ujenzi inataka kibali cha kujenga. Fika kwanza kwenye ofisi ya zoni ya Ngagara, uulize utaratibu wa komuni ya Ntahangwa. Beba karatasi za kiwanja na mchoro mdogo wenye vipimo. Usisogee barabarani wala juu ya mfereji wa mtaa.

Kama umepanga, usipige msumari kabla mwenye nyumba hajaandika na kutia sahihi. Karatasi iseme ni nani anatoa fedha, kama kodi itapunguzwa, na mabati yatakuwa ya nani siku utakapohama. Kitu kilichojengewa katika ardhi ya mtu ni vigumu kukidai baadaye kwa maneno ya mdomo.

UPANDE WA JUA

Mji wetu uko kidogo tu kusini ya Ikweta. Mwezi wa Juni jua la saa sita mchana huelekea kaskazini, na mwezi wa Desemba huelekea kusini, lakini mwaka mzima asubuhi hutoka mashariki na jioni huzama ng'ambo ya ziwa. Basi ukuta unaoteseka zaidi ni ule wa magharibi. Kama kiwanja kinaruhusu, weka baraza upande huo.

Upana wa mita 2 unatosha. Saa tisa alasiri jua limeshuka nusu ya njia, na paa la mita 2 hufunika mita 2 za ukuta kwenda chini. Baada ya saa kumi jua hupenya chini ya paa. Hapo ning'iniza mkeka au pazia la matete upande wa nje, ulikunje usiku.

Ukingo wa chini wa bati usipungue mita 2 kutoka sakafuni, mtu asijigonge kichwa na dirisha lisikose mwanga.

UPEPO HUINUA, HAUSUKUMI TU

Hapa ndipo wengi hupoteza mali yao. Paa la nyumba limezungukwa na kuta. Paa la baraza liko wazi pande tatu, hivyo upepo wa mvua ya kwanza huingia chini yake na kulibeba kama mwavuli.

Tupige hesabu pamoja. Baraza la mita 5 kwa mita 2 lina mita za mraba 10. Upepo wa kilomita 90 kwa saa una nguvu ya karibu kilo 38 kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa 10, utapata kilo 380. Mabati membamba ya paa hilo hayafiki kilo 50. Hata ukiongeza mbao, upepo bado una nguvu kuliko uzito wa paa. Kwa hiyo swali la kumwuliza fundi si kama nguzo zitabeba paa. Mwulize ni kitu gani kitalizuia paa lisiruke.

Kitakachozuia ni zege la chini. Shimo la sentimita 40 kwa 40, lenye kina cha sentimita 60, likijazwa zege linapata uzito wa karibu kilo 230. Nguzo 3 zenye mashimo ya namna hiyo zina kilo 690. Sasa upepo umepata mwenzake. Lakini kilo hizo hazifai kitu kama nguzo imesimamishwa tu juu ya zege. Ni lazima chuma kitoke ndani ya zege na kuishika nguzo, chuma kingine kiishike nguzo na boriti, kingine kifunge boriti na mbao za paa, na misumari ishike bati. Ni mnyororo. Pete moja ikikosekana, mnyororo wote umekatika.

Mwenzetu mmoja alikopa avansi ya mshahara, akanunua mabati mazuri na rangi, nguzo akazichimbia ardhini bila zege. Mvua za Oktoba zikaja, paa likaangukia uwanja wa jirani. Kwa rehema ya Mungu hakuna mtoto aliyekuwapo. Paa limekwenda, lakini deni lilikatwa katika mshahara wake mwezi baada ya mwezi.

KAZI YENYEWE

1. Nguzo. Mti wa mkaratusi uliokauka vizuri unafaa. Usiufukie udongoni, maana mchwa wataula kwa chini wakati wewe unautazama kwa juu. Zege lipande sentimita 15 juu ya ardhi, na nguzo ikae juu yake, imeshikwa na vyuma viwili vya bapa na boliti.

2. Ukuta. Ubao unaoshika paa upande wa nyumba ufungwe kwa boliti kwenye mkanda wa zege au tofali imara, si kwenye plasta. Kama ukuta ni wa matofali mabichi au una nyufa, usiuamini. Simamisha safu ya pili ya nguzo karibu na ukuta, baraza lisimame kwa miguu yake lenyewe.

3. Mteremko. Kwa kila mita 1 ya upana, bati lishuke sentimita 18 hivi. Bati jipya liingie chini ya bati la zamani, maji yasirudi ukutani.

4. Misumari. Tumia misumari ya mabati yenye kofia na mpira. Pigilia juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni ambako maji hupita. Pembeni mwa paa weka misumari mingi zaidi kuliko katikati, kwa sababu upepo huanza kufungua pembeni.

5. Sakafu. Iwe chini kidogo ya sakafu ya nyumba, na ishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje.

Neno la hatari: kama paa la zamani ni la shiti za kijivu za saruji, zile za eterniti, usizikate kwa msumeno wala kuzitoboa. Shiti nyingi za zamani zilichanganywa na asibesto, na vumbi lake likiingia kifuani huleta saratani baada ya miaka mingi. Mkataba namba 162 wa mwaka 1986 uliwekwa kwa ajili ya kuwalinda wafanyakazi na vumbi hilo. Paa likiwa la namna hiyo, jenga baraza lenye miguu yake bila kuligusa.

MAJI YAENDE WAPI?

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua ya milimita 20 juu ya baraza letu huleta lita 200, pipa zima. Maji hayo yakimwagika kwa jirani, umejenga ugomvi. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mafuriko yaliua watu wengi katika mitaa ya kaskazini ya mji huu, Kamenge na Kinama ikiwemo. Hatuwezi kuzuia mvua, lakini kila nyumba yaweza kuongoza maji yake. Weka mfereji wa bati, pipa chini yake, na maji yanayozidi yaende kwenye mtaro. Pipa lifunikwe, mbu wasizalie humo.

Hali kadhalika, msilifunge baraza kwa kuta na kuligeuza chumba cha kulala. Dirisha la ndani litakosa hewa. Na mkaa ukiwashwa mahali palipofungwa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

FEDHA

Usikope kwa ajili ya baraza lote. Jenga kwa hatua. Vyuma, boliti na mbao vyaweza kununuliwa kidogo kidogo na kuwekwa mahali pakavu. Saruji usiiweke akiba, maana hushika unyevu na kupoteza nguvu. Inunue wiki ya kazi. Mwaka huu zege na nguzo, mwaka ujao paa, vigae baadaye au visiwepo kabisa.

Njia nyingine ni ushirika. Wafanyakazi 10 wakitoa fungu kila mwezi na kupeana kwa zamu, kila mmoja atafikiwa bila riba ya mtu. Mashimo mnaweza kuchimba wenyewe siku ya Jumapili. Kazi ya kufunga paa tu ndiyo ya kumwachia fundi, na mwenye nyumba asimame hapo ahesabu vyuma kabla bati halijafunika.

Ndugu wafanyakazi, kabla ya kumlipa fundi, shika nguzo kwa mikono miwili uitikise. Kisha panda ngazi uvikague vyuma kimoja kimoja, kuanzia zege mpaka bati. Kama kuna pete iliyokosekana, irudishwe siku hiyo hiyo, kabla mawingu hayajaonekana juu ya ziwa.