Chumvi, Mvuke na Afya ya Samaki wa Ukambani

Samaki wa kufugwa huugua mara nyingi kwa sababu maji yamekwisha kumchosha kabla ya vimelea kumfikia, na katika kaunti za Kitui na Makueni, huko Ukambani, uchovu huo aghalabu huanzia kwenye chumvi. Visima virefu vingi vya huko, hasa Kitui, hutoa maji ya chumvichumvi, nalo bwawa, hata likitandikwa turubai la plastiki ili maji yasinywewe na mchanga, hupungua kila siku kwa ukali wa jua. Mvuke hupaa peke yake na kuiacha chumvi, kwa hiyo mfugaji anayejazia bwawa kwa maji yale yale ya kisima huongeza chumvi juu ya chumvi, hadi mwisho wa kiangazi maji ya bwawani yanakuwa makali kuliko ya kisima chenyewe. Wanaofuga samaki wa baharini katika matangi ya vioo huikwepa hatari hii kwa kujazia maji yasiyo na chumvi, na kwa Ukambani maji hayo ni ya mvua, yaliyokingwa kwenye mapaa ya mabati kati ya Oktoba na Desemba.

Ngege, yaani tilapia, huvumilia chumvi kuliko kambare, lakini ikizidi, mwili wake hutumia nguvu nyingi kusawazisha maji na chumvi, huku kotisoli, ambayo ni homoni ya msongo, ikidumu katika damu na kudhoofisha kinga. Bakteria waliokuwamo bwawani siku zote hupata mwanya hapo, mapezi yakaanza kulika kingoni na vidonda vyekundu vikajitokeza kwenye magamba.

Ukosefu wa oksijeni huzidisha madhara hayo. Alfajiri samaki huonekana wakielea juu na kupanua vinywa, kwa kuwa mwani unaotoa oksijeni mchana huitumia usiku kucha. Dawa haifai kitu hapo. Linalofaa ni kusitisha chakula, kwani mabaki yake huoza na kutoa amonia, kisha kumwaga maji mapya kutoka juu ili yachanganyike na hewa, hasa yale ya kisima, ambayo hutoka ardhini yakiwa na oksijeni haba.

Hatari kubwa kuliko zote huwapata vifaranga siku ya kuwasili. Wafugaji wengi huuacha mfuko wa vifaranga ukielea bwawani kwa dakika 15 hadi 30 ili joto lilingane, jambo ambalo ni jema lakini halitoshi pale bwawa linapokuwa na chumvi, kwa sababu kifaranga aliyelelewa katika maji yasiyo na chumvi anahitaji pia kutiliwa maji ya bwawa mfukoni kidogo kidogo, tena bila haraka, kabla ya kuachiliwa.