Usichome Redio Mbovu

Zamani takataka za kijijini zilikuwa maganda, majani na majivu. Zilitupwa shimoni, zikaoza, zikawa mbolea. Siku hizi shimoni mna simu zilizokufa, redio mbovu, nyaya na televisheni za chogo. Mjini ziko pia kompyuta kuukuu za ofisini. Vitu hivi haviozi.

Taka hizi zina sumu. Kioo cha televisheni ya chogo kina madini ya risasi. Risasi hutumika pia kulehemu vyuma vidogo ndani ya redio na kompyuta. Taa za mirija zina zebaki. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo. Mtoto huyo huwa mzito kujifunza.

Taka hizi zina mali pia. Nyaya zina shaba. Simu na kompyuta zina chembe za dhahabu. Kwa hiyo watu huchoma nyaya ili wapate shaba ya kuuza. Moshi wake ni sumu. Fedha inayopatikana ni kidogo, lakini madhara hukaa mwilini, udongoni na majini kwa muda mrefu.

Serikali inasemaje?

Tanzania ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004. Mwaka 2021 zikatolewa kanuni za taka za vifaa vya umeme. Kanuni hizo zinawahusu wanaoagiza vifaa, wanaouza na wanaotumia. Anayekusanya taka hizo lazima awe na kibali.

Taka nyingine hutoka ng'ambo. Kwa Mkataba wa Basel, tangu tarehe 1 Januari 2025, taka za vifaa vya umeme hazipelekwi nchi nyingine kabla nchi hiyo haijakubali.

Tufanye nini?

1. Chombo kinachotengenezeka tukipeleke kwa fundi.
2. Kisichotengenezeka tukiweke ndani ya boksi, mahali pakavu, mbali na watoto.
3. Betri ya simu tusiitoboe wala kuitupa motoni. Huweza kulipuka.
4. Kamati ya mazingira ya kijiji imuulize afisa mazingira wa halmashauri ni nani mwenye kibali. Huenda yuko mbali. Basi tukusanye taka za kijiji kizima, zipelekwe kwa safari moja.

Maswali

1. Kwa nini watu huchoma nyaya?
2. Risasi humdhuru mtoto namna gani?
3. Nyumbani kwako kuna vifaa vingapi vilivyokufa? Viko wapi?