Joka la Hogwarts na Shingo Pana: mnyama wa kale hupewaje jina?

Katika mji wa Indianapolis, Marekani, kuna jumba la makumbusho la watoto lililoanzishwa mwaka 1925. Leo ndilo kubwa kuliko yote ya aina hiyo duniani. Mwaka 2004 lilifungua sehemu iitwayo Dinosphere, ambako watoto hukuta Tyrannosaurus wawili wakimkabili Triceratops mmoja. Sisi wanafunzi wa lugha, hata hivyo, tungesimama kwanza mbele ya fuvu moja lenye pembe na miiba.

Fuvu hilo lilichimbwa South Dakota na kutolewa zawadi kwa jumba hilo. Mwaka 2006 Robert Bakker na wenzake waliliita Dracorex hogwartsia. Draco ni joka kwa Kilatini, rex ni mfalme, na Hogwarts ni ile shule ya wachawi katika hadithi za Harry Potter. Watoto waliotembelea jumba ndio waliochochea jina hilo: waliona uso wa joka, na wataalamu wakawasikiliza.

Lakini mwaka 2009 Jack Horner na Mark Goodwin walitoa hoja kwamba Dracorex si aina ya pekee, bali ni mtoto wa Pachycephalosaurus, mnyama aliyepewa jina hilo tangu 1943. Kanuni ya sayansi ni moja: mnyama mmoja akiwa na majina mawili, lile lililotangulia ndilo hubaki. Hoja hiyo ikishinda, fuvu litabaki mahali pake, ila jina la watoto litaondoka katika orodha ya aina za wanyama.

Tunajifunza nini? Kwanza, maana ya mzizi si maana ya neno. Richard Owen alipounda neno la dinosaria mwaka 1842, alichukua maneno ya Kigiriki yenye maana ya « mjusi wa kutisha ». Lakini dinosaria si mijusi. Anayetafsiri mzizi peke yake anampotosha mwanafunzi.

Pili, Kigiriki na Kilatini si lugha pekee zinazotoa majina haya. Mwaka 2010 mnyama wa kale aliyepatikana kusini mwa Tanzania, jamaa wa karibu wa dinosaria, aliitwa Asilisaurus kongwe. Mwaka 2017 akafuata Shingopana songwensis, na mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia, ambaye mfupa wa mkia wake una umbo la moyo. Tazama sarufi: « moyo wa mkia » umebaki na kiunganishi chake, na « shingo pana » imefuata upatanisho wa ngeli, ingawa maneno yameunganishwa kuwa moja.

Mtoto wa Indianapolis anayesoma Shingopana anahitaji kuelezwa. Mtoto wa Lubumbashi au Bukavu anaelewa palepale, bila kamusi, kwamba mnyama huyu alikuwa na shingo nene. Hata hivyo, darasani kwetu mtoto huyo hukutana na wanyama hawa kwa Kifaransa, kana kwamba lugha yake haina la kusema juu yao. Majina yapo tayari, yameandikwa katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Sisi tunaojiandaa kuwa walimu tuanze kuyatumia.