Picha ya ubongo haielezi hatima yote ya mtoto aliyeumia kichwa

MTOTO anapoanguka kutoka juu ya mparachichi huko Mlalo, au anapogongwa na pikipiki kwenye kona za Soni, wazazi huuliza kwanza kama atapona. Wengi siku hizi huamini kuwa jibu limo katika kipimo cha CT-Scan.

Imani hiyo ina ukweli, ingawa si wote. Tangu mgonjwa wa kwanza apimwe kwa mashine hiyo jijini London mwaka 1971, faida yake kubwa imekuwa kuonyesha, ndani ya dakika chache, damu iliyovujia kati ya fuvu na ubongo. Damu hiyo ikiondolewa mapema kwa upasuaji, hata mtoto aliyepoteza fahamu anaweza kupona vizuri.

Tatizo ni majeraha yasiyoonekana. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, nyuzi laini zinazounganisha sehemu za ubongo huchanika, na bado picha ya CT-Scan inaweza kuonekana safi. Kipimo cha MRI huyabaini vizuri zaidi, lakini huchukua muda mrefu.

Ndiyo maana madaktari hutazama pia mboni za macho na kiwango cha fahamu, kwa utaratibu uliotangazwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow. Alama ni 3 hadi 15, na 8 au pungufu huashiria jeraha kubwa. Hauhitaji umeme, hivyo hata zahanati ya kijijini inaweza kuutumia.

Kwa Lushoto suala hili ni zito. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, iko zaidi ya kilomita 150, na safari huanza kwa mteremko wa kona nyingi hadi Mombo. Njiani, ubongo uliokwishaumia huweza kuumizwa mara ya pili na upungufu wa oksijeni au kushuka kwa shinikizo la damu. Picha inaweza kusubiri kidogo, pumzi haisubiri.

Ipo pia dhana kuwa ubongo wa mtoto, kwa kuwa bado mchanga, hujirekebisha wenyewe. Tafiti zimeonyesha kuwa waliopata majeraha makubwa wakiwa wadogo sana mara nyingi huathirika zaidi katika umakini, kumbukumbu na masomo, na dalili huweza kujitokeza miaka kadhaa baadaye, darasani, wakati mwalimu hana habari kuwa mwanafunzi huyo aliwahi kulazwa.